Breki za Ndege ya Wagonjwa

Ikifika Juni, nchi ya Ufipa hukauka mpaka rangi zinaiishia. Nyasi hupauka, barabara hupauka, hata ng'ombe huonekana kama wamefutwafutwa. Upepo hushuka kutoka milima ya Mbizi, ukapita juu ya uwanda bila kukuta mti wa kuukatiza, na kwenye kiwanja cha ndege cha Sumbawanga ulikuwa unakuta vitu viwili tu vya kuupinga: banda letu la mabati na ndege ndogo ya injini moja iliyochukua wagonjwa vijijini kuwapeleka hospitali ya Mbeya.

Niliipenda ile ndege jinsi wengine wanavyoupenda mji. Kila asubuhi nilifuta umande juu ya mabawa yake kwa kitambaa, vidole vimekufa kwa baridi, nikijiona nimeshika pembe moja ya kitu kikubwa tulichokuwa tunaambiwa kila siku redioni kwamba tunakijenga sote. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, nimetoka kwenye mafunzo ya jeshi nilikojifunza kufungua na kufunga injini za malori, nikapewa kazi ya kumsaidia fundi wa ndege. Fundi mwenyewe alikuwa amekwenda Dar es Salaam kufuata vipuri, na msimu ule hatukumwona tena. Tukabaki mimi na rubani.

Rubani alikuwa Mnyakyusa, mtu mrefu mwenye sauti ya mwimbaji wa kanisani, aliyehamia kwetu na mke, Biblia na utani mwingi. Alipenda kusema kwamba kuleta ndege Ufipa ni kupoteza mali ya umma.

"Ninyi mna nyungo zenu," angesema mbele ya watu. "Mnapaa usiku kucha bila petroli. Sisi huku tunahangaika na vibali vya mafuta."

"Njoo basi tukupakie, kapteni," ningemjibu. "Ila kwa ndizi unazokula wewe, ungo utapasuka."

Tulicheka sana mwaka ule, kabla ya Juni.

Siku yenyewe alirudi kutoka Kabwe, kule ziwani, amembeba mama mmoja mwenye uvimbe. Ndege ilipogusa ardhi nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kabla: kama jembe linaloburutwa juu ya jiwe. Ilikwenda mbali kuliko kawaida ndipo ikasimama. Tulipomaliza kumshusha mgonjwa nikalala chali chini ya bawa kuangalia magurudumu.

Breki ya ndege ndogo haina maajabu. Kwenye kila gurudumu kubwa kuna sahani ya chuma inayozunguka nalo, na rubani akikanyaga, sahani hiyo hubanwa pande zote mbili na vipande vya kitu kigumu cheusi, kila kimoja ukubwa wa sabuni iliyotumika nusu. Hizo ndizo pedi. Zimegongelewa kwenye vibao vya chuma kwa ribiti, vijipini laini vya shaba. Pedi zikiisha, ribiti huanza kusaga sahani, na chuma kinachosagana na chuma hakishiki. Kinateleza na kulia tu. Za kwetu zilikuwa zimebaki kama ganda la yai.

"Zinakaribia kuisha?" rubani akauliza akiwa amechuchumaa.

"Zimekwisha, kapteni. Leo umesimamishwa na ribiti."

Akaniangalia, akaitazama ndege, akavua kofia. "Basi hatuendi popote," akasema, na hilo hakulifanyia utani.

Simu ya upepo ilituita kesho yake. Ilikuwa kwenye meza ndani ya banda, na sauti iliyotoka niliitambua kabla haijajitaja: mganga wa zahanati ya kijiji chetu, kule mbele ya Msanzi, ukingoni kabisa mwa uwanda, tulikohamishiwa watu wote wakati wa kuhamia vijijini. Alimwita rubani, hakujua kwamba ni mimi niliyeshika kipaza sauti. Akaeleza kama anavyoeleza habari ya mgonjwa yeyote. Mzee mmoja alikuwa anashusha ulezi kwa mkokoteni. Ng'ombe wakashtuka kwenye mteremko. Gurudumu likampanda mguuni, chini ya goti. Mfupa umetoka nje. Yeye mganga amelifunga jeraha, amemchoma sindano, lakini vidole vimeanza kubadilika rangi. Mguu ukikatwa mapema hospitalini, mzee atapona. Ukichelewa, sumu itapanda. Anaomba ndege.

"Mzee gani?" nikauliza.

Akataja jina la baba yangu. Nadhani ndipo aliponitambua.

Nilitoka nje. Ndege ilisimama pale pale, nzima, imejaa mafuta kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nikamwambia rubani twende.

"Kwa breki zipi?"

"Kapteni, ni baba yangu."

"Nimesikia. Na kiwanja cha kwenu nakijua. Kifupi, halafu kinaishia korongoni. Nikitua bila breki nitamletea mzee wako majirani wawili wodini, na ndege hakuna."

"Mganga amesema sumu itapanda."

"Nimesikia, mdogo wangu." Alinishika bega, na mkono wake ulikuwa mzito. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia zimekwisha. Ungekuwa umenidanganya jana, leo tungekufa wote."

Nilizunguka mji mzima kutafuta gari. Nani asiyezikumbuka zama zile za uhaba? Gari la hospitali lilikuwa juu ya magogo halina magurudumu. Lori la ushirika lilikuwa na magurudumu lakini halina dizeli. Padre alikuwa na pikipiki, na pikipiki haiwezi kumbeba mtu ambaye mfupa wake umetoka nje. Kumbeba kwa machela kutoka kijijini hadi Sumbawanga ilikuwa safari ya kulala njiani, na mganga alikataa kabisa: akitikiswa hivyo atakufa njiani. Kila niliyemwendea alinipa pole ya kweli, tena mmoja alilia, na hakuna aliyekuwa na kitu kingine cha kunipa.

Pedi hazikuwepo nchini. Rubani aliita Mbeya, akaita Dar es Salaam, akajibiwa kwamba maombi yamepokewa. Mwishowe akamkumbuka rafiki yake, fundi wa kiwanja kimoja ng'ambo ya mpaka, Zambia. Wakazungumza kwa Kiingereza huku redio ikikoroma. Alipokata akasema, "Anazo. Atampa dereva wa lori linalopita mpakani Kasesya. Tusubiri."

Tukasubiri. Sijui hata leo kama kuna neno jingine la kazi ile. Asubuhi nilifuta umande kwenye mabawa ya ndege isiyoruka. Jioni mganga aliita na kusema mguu umefika wapi. Vidole vimekuwa vyeusi. Siku nyingine, wayo. Siku nyingine akasema wamemhamishia chumba cha peke yake, na sikumwuliza kwa nini, kwa kuwa nilikulia kwa wafugaji na harufu ya nyama iliyokufa ninaijua. Mara moja nikaomba nizungumze na baba mwenyewe. Wakamshikia kipaza sauti mdomoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulezi umeshuka wote," akasema. "Mkokoteni haukuvunjika."

"Unaumwa sana?"

"Mguu hauumi tena."

Nililigeuza jibu hilo kichwani usiku na mchana. Asubuhi moja nikachukua msumeno wa chuma, nikaukata ukanda wa breki ya lori kuukuu iliyokuwa nyuma ya banda, nikausugua kwenye sementi mpaka ukapata umbo la pedi zetu. Nilimpelekea rubani vile vipande vinne kwenye kiganja. Alivipokea kwa heshima, akavigeuza, akavigongagonga kwa ukucha.

"Umeviweza," akasema. "Vitashika mara moja, vikipata moto vitavunjika." Akaviweka juu ya rafu karibu na picha ya watoto wake. Sikuvigusa tena.

Dereva wa lori alifika mchana akiwa mweupe kwa vumbi, ameshika kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na kamba ya katani.

"Hiki nimekisemea sana pale Kasesya," akasema huku akishuka. "Afisa kakinusa kweli kweli. Ananiambia, dereva, hii ni sabuni, mnaificha. Namwambia, mzee, ni breki ya ndege. Ananiambia, kama ni breki mbona ina umbo la sabuni? Ikabidi niilambe mbele yake."

"Ikawaje?" rubani akauliza.

"Ikawa chungu. Akaniruhusu. Ila alisikitika, nyumbani kwake wanafulia majivu."

Tulicheka, na mimi nilicheka. Nilikuwa nimekwisha kukifungua kile kifurushi. Zilikuwa pedi mpya, nyeusi, kavu, na kwenye kijikaratasi zimefungwa ribiti zake zote. Nikazishika kama mkate wa altareni.

Kazi ile niliifanya mwenyewe, na nikiwa mtu wa kukumbuka mambo kwa mikono, naikumbuka yote. Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Nikakata waya unaozuia bolti zisijifungue, nikafungua bolti, kile kibanio cha breki kikatoka mkononi mwangu kama kufuli lililofunguliwa. Nikasukuma pistoni ndani polepole ili pedi nene zipate nafasi. Nikazitoa ribiti za zamani kwa kuzipiga kwa nyuma, pedi zilizokwisha zikaanguka mchangani zikiwa vipande. Nikavisafisha vibao mpaka vikang'aa. Kisha nikaweka pedi mpya, nikapitisha ribiti, nikazigonga kichwa kwa nyundo ndogo: kidogo, tena kidogo, maana ukizidisha nguvu pedi hupasuka kwenye tundu, na hatukuwa na nyingine duniani. Kila nilipomaliza moja rubani aliipeleka kwenye jua na kuitafutia ufa. Hakuona. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Sikugusa uso wa pedi hata moja kwa kidole chenye mafuta. Nikarudisha kila kitu, nikakaza, nikafunga waya upya, nikaangalia kama mafuta ya breki yanavuja. Palikuwa pakavu.

Pedi mpya hazipewi kazi mara moja. Lazima zipashwe moto kwanza. Rubani aliiendesha ndege chini kwa chini kiwanjani, akakanyaga breki taratibu mpaka ikasimama, akarudia, akarudia tena, kisha akaiacha ipoe. Mara ya mwisho akaikimbiza, akakanyaga kwa nguvu. Ndege ikainamisha pua kama fahali aliyevutwa kamba, ikasimama pale pale.

Akafungua mlango. "Imeshika!" akapiga kelele juu ya injini. "Fundi, imeshika kama jino!"

Alikuwa hajawahi kuniita fundi. Nilikwenda mbio kwenye simu ya upepo nikamwambia mganga kesho asubuhi tunakuja. Nikasikia nyuma yake sauti za watu wakishangilia.

Tuliruka kulipopambazuka, viti vya nyuma vimeondolewa, machela imelazwa sakafuni. Sijawahi kuuona uwanda kama nilivyouona asubuhi ile: mashamba yaliyovunwa, marundo ya ulezi kama vichwa vya watu waliokaa kikao, moshi wa majiko, na kila mahali mabaka meusi ya nyasi zilizochomwa. Mawingu mazito yalikuwa yamefunika jua. Nilikuwa na furaha. Naiandika hapa kwa sababu ilikuwepo, na ilikuwa ya mwisho ya aina yake.

Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga kandokando ya kiwanja na matawi mkononi. Upande wa mwisho, karibu na zahanati, ardhi ilikuwa na baka jeusi.

"Naona wamechoma majani," rubani akasema.

"Wamechoma," nikasema.

Tukatua. Magurudumu yaligusa vizuri, rubani akakanyaga, nami nikazisikia pedi zangu chini ya miguu yetu zikishika, zikishika, mwendo ukipungua kama kitu kinachotii. Tulikuwa karibu kusimama. Kisha tukafika kwenye baka, na ndege ikawa nyepesi. Sijui niseme vipi. Magurudumu yalikuwa yamesimama tuli, nayaona kwa dirisha, hayazunguki kabisa, na ndege inakwenda. Rubani aliachia breki, akakanyaga, akaachia. Tulipita mbele ya mlango wa zahanati, nikaona watu wakishusha matawi. Gurudumu la mbele likaingia korongoni, likavunjika, panga la injini likachimba ukingo, na kukawa kimya.

Rubani alikuwa anatokwa damu kwenye paji la uso. Mimi sikuumia popote.

Niliteremka nikaanguka. Mkono wangu uliingia kwenye ute laini, baridi, wenye harufu niliyoijua tangu utoto, na hapo nikaelewa yote kwa mara moja.

Kwetu ulezi haupurwi juu ya ardhi tupu. Punje zake ni ndogo kama mchanga. Ukizimwaga juu ya vumbi umezipoteza. Kwa hiyo wanawake huandaa uga. Wanakwangua nyasi, wanachota udongo wa kichuguu, wanauchanganya na mavi ya ng'ombe na maji, wanausiliba kwa mikono yao mpaka ardhi inakuwa laini kama ndani ya chungu. Ukikauka ni safi kuliko meza. Hiyo ndiyo sehemu safi kabisa mtu wa kwetu anayoweza kumwandalia kitu anachokithamini. Nao walikuwa wamesikia kwamba ndege inakuja kumchukua mzee wao. Wakaamka alfajiri na mapema, wanawake wote wa kijiji, wakasiliba mahali itakaposimama, ili vumbi lisimwingie mgonjwa kidondani na mgeni asikanyage majivu. Siku ya jua ingekuwa imekauka. Siku ile hakukuwa na jua, na uga ule mbichi ndio baka tuliloliona kutoka juu.

Mama alikuwa wa kwanza kunifikia. Samadi ilikuwa imemkaukia mpaka kwenye viwiko. Alinipapasa kichwa, mabega, mikono, kama anayehesabu viungo vyangu, kisha akaitazama ndege.

"Mwanangu, kumetokea nini?"

Nyuma yake walisimama wengine, shangazi zangu, mke wa mwenyekiti, bibi mmoja aliyemzalisha mama nilipozaliwa, wote mikono yao ya kijani. Mwenyekiti wa kijiji akasogea. "Ndugu rubani, ni breki?"

Rubani akaifuta damu jichoni. Akaitazama ardhi, akaitazama mifereji miwili mirefu iliyonyooka ambayo magurudumu yaliichora juu ya uga, akavuta pumzi aseme.

"Ni breki," nikasema mimi. "Breki zimekataa."

"Si umezifunga mwenyewe?" mwenyekiti akauliza. "Mganga alitutangazia, kijana wetu ndiye aliyezifunga."

"Nilizifunga mwenyewe."

Mama akachuchumaa karibu na gurudumu, akaanza kulikwangua ule udongo kwa vidole vyake. "Tumelichafua," akasema kwa sauti ndogo. "Gurudumu la watu tumelichafua." Aliendelea kulikwangua mpaka shangazi akamwinua.

Rubani alinivuta nyuma ya mkia wa ndege.

"Una wazimu? Zile breki zilishika. Mimi ndiye niliyezikanyaga."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa umeiona mikono ya mama yangu."

Alikuwa mtu mwenye fahari ya kazi yake, na nilichomwomba kilimgusa yeye pia. Rubani aliyeruka na breki mbovu si rubani. "Wakubwa wangu nitawaambia ukweli," akasema mwishowe. "Hapa kijijini nitafunga mdomo. Lakini, mdogo wangu, hawa watu watakusema mpaka ufe."

Baba alikuwa amelala karibu na dirisha. Walikuwa wamemgeuzia kitanda ili aione ndege ikifika. Ile harufu ilikuwa imejaa chumbani, na uso wake ulikuwa umeingia ndani, lakini macho yalikuwa yake. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Uliumia?"

"Hapana."

"Mwenzako?"

"Kidogo, kwenye paji."

Nje watu walikuwa wanaongea kwa sauti za msibani, kabla ya msiba. "Mimi ndiye niliyemwambia mama yako uga usilibwe," akasema. "Nilimwambia, wasilibe vizuri, ndege haiwezi kupokewa kwenye vumbi kama mbuzi. Wameamka na baridi ile. Niliwasikia wakiimba." Akapumua kwa taabu. "Watu wamefanya kazi yao vizuri. Sasa wewe..."

Hakumalizia. Aligeuza uso dirishani. Nilikuwa na maneno mdomoni, mafupi, yangetosha kunirudishia baba yangu kwa muda uliokuwa umebaki. Niliyaona yalivyo na nikaona yatakakokwenda: kwake kwanza, halafu kwa mama, halafu kwa kila mwanamke aliyekuwa amesimama pale nje. Nikayameza.

"Nisamehe, baba," nikasema.

"Ungebaki kulima," akajibu.

Walimbeba kwa machela, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, wanaume wakipokezana, nami mbele upande wa kulia. Mganga alisema kweli. Alikufa kabla hatujauona mnara wa kanisa la Msanzi, mchana kweupe, watu wakiwa wanapura ulezi pande zote mbili za barabara. Walipotuona wakaweka chini fimbo zao. Tukageuka tukarudi naye.

Matangani baba mdogo alisimama akasema asiyejua kufunga breki asiguse ndege ya watu, na asingekuwa mwana wa marehemu angefukuzwa uani. Mama aliinuka kutoka kwenye mkeka, jambo ambalo mjane kwetu halifanyi, akasimama kati yetu. "Mwacheni," akasema. "Alizifunga akiwa na uchungu wa baba yake. Mikono yenye uchungu hutetemeka." Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, mikono hutetemeka. Mikono yangu haikutetemeka. Naikumbuka kila ribiti.

Ndege haikutengenezwa. Waliikata vipande wakaichukua kwa trekta, na banda likafungwa. Rubani akahamishwa. Mimi nilikwenda Dar es Salaam kusoma, nikaanza kuandika, nikapata marafiki wanaobishana kuhusu riwaya mpaka chai inapoa. Waliniuliza mara nyingi kwa nini siandiki kuhusu kwetu. Mama alikuwa amejifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima, chini ya paa la zahanati ile ile, na alisoma kila kitu nilichochapisha, kidole chini ya kila neno. Hilo ndilo lilikuwa jibu, nami sikulitoa.

Kila nilipokwenda likizo alinisamehe upya. Alikuwa amelifanya kuwa kazi yake. Alinipikia ugali wa ulezi, akaketi kando, akasema hana kinyongo, na baba huko aliko hana kinyongo. Alitoa sadaka ya misa kwa ajili yangu kila mwezi wa Juni, na padre alilitaja jina langu mbele ya watu walioniangalia kwa huruma. Siku hizo ziliniua zaidi kuliko maneno ya baba mdogo. Wale wanawake wengine walinisalimia kwa upole mkubwa, jinsi mtu anavyomsalimia kilema.

Masika yaliyopita niliitwa. Nilimkuta amelala kwenye chumba chake mwenyewe, mwepesi, mvua ikipiga bati, mikono yake juu ya blanketi.

"Umeshajisamehe?" akaniuliza.

"Nimejisamehe, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Aliniangalia sana kuona kama namdanganya, kisha akaonekana kuridhika. Akasema sasa anaweza kupumzika, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa limemzuia. Akaomba maji. Nilimnyanyua kichwa, akanywa kidogo, nikamlaza. Sasa hakuna tena kidole kitakachopita chini ya maneno haya.